Mpango wa Karanga wa Tanganyika, 1946–1951: Uchunguzi wa Historia ya Kuendelezwa

UTANGULIZI

Kitenzi endelea katika Kiswahili hakihitaji yambwa. Mtu huendelea yeye mwenyewe, kama vile mmea unavyokua au safari inavyosonga mbele. Lakini kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha, kikawa endeleza, papo hapo hutakiwa pande mbili: anayeendeleza na anayeendelezwa. Jina maendeleo limetokana na kitenzi cha kwanza. Hata hivyo, katika historia ya nchi za joto zilizotawaliwa na wageni, jina hilo limetumiwa mara nyingi kwa maana ya kitenzi cha pili. Watawala walipotangaza maendeleo, walichokusudia kwa kawaida ni kuendeleza. Swali la nani anaendelezwa, kwa faida ya nani, na kama ameulizwa, liliachwa nje ya mipango.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa jambo hilo, nao ni Mpango wa Karanga wa Tanganyika uliobuniwa mwaka 1946 na kuvunjwa mwaka 1951. Mpango huo umesimuliwa mara nyingi kama kichekesho: vifaru vilivyogeuzwa matrekta, mibuyu iliyokataa kung'oka, na mamilioni ya paundi yaliyozama katika vumbi la Ugogo. Masimulizi ya namna hiyo yana ukweli, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Yanamfanya msomaji adhani kwamba kosa lilikuwa la mitambo na la haraka, na kwamba mitambo bora na subira vingeuokoa mpango. Hoja ya makala haya ni kwamba kosa lilikuwa katika msingi wenyewe. Mpango ulitokana na haja za nchi nyingine, ukamwona mkulima wa Kiafrika kuwa kibarua tu, na kwa sababu hiyo ukajinyima maarifa ambayo yangeuonya mapema.

CHIMBUKO LA MPANGO

Kabla ya mwaka 1929 siasa ya Uingereza kuhusu uchumi wa makoloni ilikuwa rahisi: kila koloni lijitegemee kwa kodi zake lenyewe. Reli, bandari na ofisi za serikali zililipwa kwa mikopo na kwa kodi ya kichwa, na kodi hiyo ilikuwa pia chombo cha kuwalazimisha watu kutafuta kazi ya mshahara au kulima mazao ya kuuza. Sheria ya Maendeleo ya Makoloni ya mwaka 1929 iliruhusu fedha zisizozidi paundi milioni moja kwa mwaka zitumiwe katika makoloni yote. Hata hizo zilikusudiwa kwanza kupunguza ukosefu wa kazi Uingereza, kwa kuyafanya makoloni yanunue vyuma na mitambo kutoka viwanda vya huko. Ilichukua machafuko ya wafanyakazi katika visiwa vya Karibi, katika miaka ya 1930, kuifanya serikali hiyo ipitishe sheria mpya mwaka 1940, na nyingine mwaka 1945 iliyotenga paundi milioni 120 kwa muda wa miaka kumi.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa imeshinda lakini imefilisika. Ilikopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani, na kila kitu kilichonunuliwa kwa dola kilikuwa mzigo. Chakula kiligawiwa kwa vipimo, na miongoni mwa vitu vilivyoadimika sana ni mafuta ya kupikia, siagi na majarini. Makoloni sasa yalitazamwa kwa jicho jipya. Yangeweza kutoa bidhaa bila ya kudai dola, na bidhaa nyingine, kama mpira wa Malaya na kakao ya Gold Coast, zingeweza hata kuiletea Uingereza dola kwa kuuzwa Marekani.

Hali ndiyo hiyo alipofika Tanganyika Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa tanzu ya Unilever, watengenezaji wakubwa wa sabuni na majarini. Mwanzoni mwa mwaka 1946 aliiona nchi kutoka angani, akapeleka London wazo la kulima karanga kwa mashine katika eneo kubwa lisilopata kuonekana Afrika. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Kwa muda wa majuma yasiyofika kumi ujumbe huo ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanywa kwa ndege.

Ripoti yake ilikuwa na uhakika wa kushangaza. Ilipendekeza kufyekwa ekari milioni 3.21, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa paundi milioni 24, na ilitarajiwa kwamba kufikia mwaka 1951 tani 600,000 za karanga zingekuwa zikivunwa kila mwaka. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliupokea mpango huo kwa bidii. Yafaa kuzingatiwa kwamba ulikuwa chini ya Wizara ya Chakula na si chini ya Wizara ya Makoloni. Mahali ulipowekwa panadhihirisha haja ya nani ilikuwa ikitimizwa. Kwa Waingereza wa kawaida waliosimama foleni kungoja mgawo wao haja hiyo ilikuwa ya kweli, na mpango ulielezwa pia kuwa utawafundisha Waafrika kilimo cha kisasa. Lakini haja ya mpishi wa London na haja ya mkulima wa Ugogo hazikuwa haja moja, na hakuna aliyekaa chini kuzipatanisha.

ARDHI ILIYOITWA TUPU

Mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Sababu mbili zilitolewa: palikuwa karibu na reli ya kati, na ardhi yake ilikuwa tupu. Neno hili tupu lastahili kupimwa. Mtu anayepita angani huona pori lisilo na nyumba akasema halina mwenyewe. Anayeishi chini hujua kwa nini nyumba hazipo.

Ugogo ni nchi ya mvua chache. Kwa wastani hupata kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili. Isitoshe, wastani huo hausemi kweli yote, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha kwa wingi juma moja kisha ikapotea majuma matatu, au ikanyesha bonde moja na kuliruka la pili. Wagogo walijenga maisha yao juu ya elimu hiyo. Walipanda mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame. Karanga na njugu mawe zililimwa pia, lakini katika vipande vidogo palipokuwa na udongo wa kufaa. Akiba yao kubwa ilikuwa ng'ombe. Mchunguzi Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ujamaa wa Wagogo, alieleza jinsi mifugo ilivyounganisha jamaa na marafiki. Ng'ombe wa mtu mmoja waliweza kuwekwa kwa watu kadhaa mahali mbalimbali, ili ukame ukipiga upande mmoja asipoteze wote. Mwaka wa njaa ng'ombe walibadilishwa kwa nafaka kutoka nchi jirani.

Utaratibu huu haukuwa wa ujinga wala wa uvivu. Ulikuwa njia ya kugawanya hatari. Kuvunjika kwake kulileta maafa, kama ilivyotokea baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakati majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ukame ulipofuata watu hawakuwa na cha kushika, na njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, ikaua maelfu. Walionusurika walikuwa bado hai mwaka 1946. Kwa hiyo maarifa juu ya mvua ya Ugogo hayakuwa yamefichwa; yalikuwa vichwani mwa kila mzee wa Kongwa. Wataalamu walitegemea badala yake vipimo vichache vya mvua vya miaka michache. Kuuliza si ujinga, wasemavyo Waswahili, lakini mpango huu haukuwa na mahali pa kumwuliza mtu ambaye haukumhesabu kuwa mkulima.

MASHINE NA NYIKA

Kikosi cha kwanza kiliingia Kongwa mapema mwaka 1947. Kampuni ya United Africa iliendesha kazi kwa niaba ya serikali hadi mwaka 1948, ndipo Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka huo na kuongozwa na Leslie Plummer, likachukua madaraka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000.

Matatizo yalianza kabla jembe halijagusa ardhi. Viwanda vya Uingereza havikuwa na matrekta ya kutosha, hivyo yakanunuliwa masalio ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yameachwa Ufilipino, mengi yakiwa yameliwa na kutu. Vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo kwa shehena hiyo, na reli ya njia moja haikuweza kuichukua kwa wakati. Vipuri vilikosekana, na mafundi wa kuvitia walikuwa wachache. Kabla ya mwaka 1947 kwisha sehemu kubwa ya matingatinga ilikuwa imelala.

Nayo nyika ya Kongwa haikuwa nyepesi kama ilivyoonekana kutoka angani. Vichaka vyake ni vya matawi yaliyosukana, na mizizi yake hukaa ardhini hata baada ya shina kuangushwa, ikavunja majembe ya mashine. Mibuyu ilichukua muda na mafuta mengi kuangushwa, na nyuki waliokuwa wakiishi ndani yake walitoka na kuwafukuza madereva. Baadaye ilibuniwa njia ya kufunga mnyororo mkubwa wa meli kati ya matrekta mawili na kuuburura porini, na ufyekaji ukaenda kasi zaidi. Lakini kufyeka haraka ardhi isiyofaa hakukuifanya ifae.

Udongo ndio uliotoa hukumu ya mwisho. Baadhi yake una mchanga mkali uliokula vyuma kama tupa. Mwingine ni udongo wa mfinyanzi ambao, ukilowa na kisha kupigwa na jua, huwa mgumu kama sakafu. Karanga, tofauti na mtama, huzaa chini ya ardhi. Zikikomaa na ardhi ikashikana, mashine haziwezi kuzing'oa bila ya kuziacha nyingi udongoni. Badala ya ekari 150,000, ni ekari 7,500 hivi zilizopandwa katika msimu wa kwanza, na mavuno yakawa kiasi cha tani 2,000. Msimu uliofuata mvua zilikuwa haba. Alizeti ikajaribiwa mahali pa karanga, nayo ikakauka.

Kila lengo liliposhindwa, lingine dogo zaidi liliandikwa. Mwishoni mwa mwaka 1949 Wakefield mwenyewe aliondolewa katika bodi ya shirika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umeachwa, na fedha zipatazo paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Fedha hizo ni za walipa kodi wa Uingereza na si za Tanganyika. Haki yataka hilo lisemwe. Lakini zikilinganishwa na paundi milioni 120 zilizotengwa mwaka 1945 kwa maendeleo ya makoloni yote kwa miaka kumi, ni zaidi ya robo. Shule, hospitali na visima ambavyo fedha kama hizo zingejenga ni sehemu ya hasara, ingawa haikuandikwa popote.

VIBARUA WA MAENDELEO

Katika hesabu za mpango Mwafrika alionekana katika safu moja tu, ile ya kazi. Maelfu ya watu walikuja Kongwa kutafuta mshahara, wengi kutoka mbali. Tanganyika ilikuwa imezoea uhamaji huo tangu wakati wa Wajerumani, wakati mashamba ya mkonge yalipoanza kuajiri manamba kutoka bara. Kongwa ilikuwa mlango mwingine wa ajira ya namna ile ile. Waliofika walikuta mahema, maji ya kugawiwa, na bei za vyakula zilizopanda kwa sababu ya umati uliokusanyika ghafla mahali ambapo chakula kilikuwa adimu tangu zamani. Wagogo wenyewe waliuza walichoweza kuuza, na wengine wakaingia kazini. Lakini kila kibarua aliyeacha shamba lake la mtama wakati wa kulima alikuwa ameuza pia sehemu ya chakula cha mwaka ujao.

Mwaka huo wa 1947 ulikuwa wa mfumuko wa bei na migomo katika Afrika ya Mashariki yote. Januari wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kutokana na mgomo huo chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Chege Kibachia kikapata nguvu. Septemba makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka kazi chini, na mgomo ukaenea bara kwa kufuata reli. Mpango uliotegemea bandari na reli hiyo ukajikuta unategemea watu ambao haukuwahi kuwataja isipokuwa kwa idadi. Historia ya siasa ya Tanganyika ina deni kwa miaka hiyo: watu wa makabila mengi walikutana kazini, wakasema Kiswahili, wakapima mishahara yao kwa mishahara ya Wazungu waliofanya nao kazi, na wakajifunza kudai.

WAKULIMA WALIOLIMA BILA KUPANGIWA

Watetezi wa mpango hudai kwamba hapakuwa na njia nyingine. Dunia ilihitaji mafuta, na mkulima mdogo wa Afrika, kwa jembe lake la mkono, hakuweza kuyatoa kwa kiasi kilichotakiwa. Dai hili lingekuwa na uzito kama lisingekanushwa na karanga zenyewe.

Reli ilipofika Kano, kaskazini ya Nigeria, ikafunguliwa kwa biashara mwaka 1912, Waingereza walitarajia isafirishe pamba kwa viwanda vya Lancashire. Wakulima na wafanyabiashara wa Kihausa waliamua vingine. Waliona kwamba bei ya karanga ilikuwa nzuri zaidi, na kwamba bei hiyo ikianguka karanga huliwa, wala pamba hailiwi. Mwaka 1913 karanga zilizosafirishwa kutoka eneo hilo zilifika kiasi cha tani 19,000, kutoka kiasi kidogo tu miaka miwili nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Kongwa ikihesabu tani zake 2,000, wakulima wa kaskazini ya Nigeria waliuza zaidi ya tani 300,000 kwa mwaka. Tena shehena kubwa ilibaki Kano, magunia yamepangwa kwa umbo la piramidi, kwa sababu reli haikuwa na vichwa vya treni na mabehewa ya kutosha kuyapeleka pwani. Uingereza, iliyolilia mafuta, ilikuwa na karanga zilizokwisha kuvunwa ambazo hazikuweza kufika melini. Kampuni ya United Africa, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa Nigeria, haikuweza kusema kwamba haina habari.

Tanganyika yenyewe ilikuwa na ushahidi kama huo. Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga walilima kahawa chini ya migomba, katika vihamba walivyorithi, wakimwagilia kwa mifereji iliyochimbwa na mababu zao. Walowezi waliwapinga, wakidai kwamba kahawa ya Waafrika italeta magonjwa na wizi. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 ili kuilinda kahawa hiyo, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU uliodumu kuwa mfano wa vyama vya ushirika barani. Hapo mazao mapya yaliingia katika utaratibu ambao wakulima waliufahamu, na hayakuuvunja. Nchini Kenya wakati huo Waafrika walikatazwa kulima kahawa aina ya arabika, na katika miaka ya 1930 waliruhusiwa kwa uchache tu, huko Meru, Embu na Kisii. Ilipofika mwaka 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, serikali ya Kenya ililazimika kukubali mpango wa Roger Swynnerton, bwana kilimo aliyekuwa amefanya kazi Tanganyika, uliomfungulia mkulima wa Kiafrika mlango wa mazao ya biashara. Mpango huo ulikuwa na shabaha zake za kisiasa, hasa kuunda tabaka la wakulima wenye hati za ardhi watakaopinga uasi. Hata hivyo wakulima wadogo walionyesha haraka kwamba kilichowazuia hapo awali kilikuwa sheria.

Isidhaniwe kwamba mkulima wa Kano au wa Kilimanjaro aliishi katika pepo. Bodi za kununua mazao zilizoanzishwa Afrika ya Magharibi wakati wa vita zilimlipa chini ya bei ya dunia, na ziada ikawekwa London, ambako ilisaidia kuitegemeza sarafu ya paundi. Unyonyaji ulikuwapo. Tofauti ni kwamba mkulima huyo alikuwa na la kuchagua: alijua ardhi yake, alichagua zao lake, na bei ikimkera aliweza kupunguza kulima na bado akala. Mpango wa Kongwa haukuacha nafasi yoyote ya kuchagua, si kwa mkulima tu, bali hata kwa ardhi na mvua.

HAUKUWA WA PEKEE

Mtu anaweza bado kusema kwamba Kongwa ilikuwa ajali, na kwamba shamba dogo la majaribio la miaka miwili mitatu lingezuia hasara. Ni kweli lingeizuia. Lakini majaribio huanza kwa kukiri kwamba lipo jambo lisilojulikana, na mpango uliobuniwa ili kutuliza njaa ya mafuta ya Uingereza kufikia mwaka maalumu haukuwa na muda wa kukiri hivyo. Haraka yake ilitokana na lengo lenyewe.

Ushahidi ni kwamba mipango mingine ya miaka hiyo ilianguka kwa namna iyo hiyo. Ufaransa ilianzisha mwaka 1948 shirika la kulima karanga kwa mashine huko Sédhiou, katika Casamance ya Senegal, nchi ambayo wakulima wake walikuwa wakiuza karanga tangu karne ya 19. Baada ya miaka michache shughuli zikapunguzwa sana. Nchini Gambia, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilijenga Yundum shamba la kuku lililotarajiwa kutoa mayai milioni 20 kwa mwaka kwa ajili ya Waingereza. Chakula cha kuku hakikupatikana vya kutosha, ugonjwa ukawaua, na mwaka 1951 shamba likafungwa. Nchi tatu, mataifa mawili ya kikoloni, mazao mawili, na matokeo mamoja.

URITHI

Mpango haukutoweka bila ya kuacha alama. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli ya kusini. Reli ilikosa mzigo, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki na imeendelea kutumiwa, hasa kwa korosho. Urambo iligeuka kuwa nchi ya tumbaku. Sehemu ya Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, yaani ardhi ilirudishwa kwa mifugo, kama Wagogo walivyoitumia tangu awali. Tena, kuanzia miaka ya 1964 na 1965, Kongwa na Nachingwea zikawa kambi za wapigania uhuru, Nachingwea ikiwa kituo kikuu cha mafunzo cha FRELIMO. Majengo na njia zilizokusudiwa kuiimarisha dola ya Kiingereza zilitumika kuung'oa ukoloni wa jirani.

Urithi mzito zaidi ni wa fikira. Mwaka 1968, katika waraka wake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Julius Nyerere alishikilia kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, kwa kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Maneno hayo yangeweza kuandikwa juu ya kaburi la Mpango wa Karanga. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo hao hao, kutoka makazi yao yaliyotawanyika kuingia katika vijiji vikubwa. Na baada ya amri ya mwaka 1973 uhamishaji ukawa wa lazima kwa nchi nzima. Makazi yaliyotawanyika, ambayo yalikuwa kinga dhidi ya mvua isiyotabirika, yalionekana tena kuwa dalili ya watu kuwa nyuma. Nia ilikuwa tofauti kabisa na ya mwaka 1946, kwa kuwa safari hii ilikuwa kuwafikishia watu shule, maji na zahanati, na wengi walizipata. Lakini kitenzi kilikuwa kile kile cha kutendesha.

Kenya nayo haiwezi kujitenga na somo hili. Mashamba kumi iliyopangiwa katika ripoti ya Wakefield hayakulimwa. Lakini mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa kumwagilia ekari milioni moja huko Galana-Kulalu, katika nyika ya Kilifi na Tana River. Idadi hiyo ya ekari ilitangazwa kabla matokeo ya shamba la majaribio la ekari 10,000 hayajajulikana, na mkandarasi wa kigeni aliondoka mwaka 2019 kabla ya lengo kufikiwa.

HITIMISHO

Historia ya Mpango wa Karanga haifundishi kwamba mashine ni mbaya, wala kwamba elimu ya kigeni haina faida. Wakulima wa Kilimanjaro walipokea mbegu ya kigeni, dawa za kigeni na soko la kigeni, wakafaulu. Wala haifundishi kwamba mzee wa kijijini hakosei. Inafundisha jambo dogo lakini gumu kutekelezwa: kwamba mpango wa kilimo ni lazima uanze na mtu atakayelala njaa mpango huo ukishindwa. Frank Samuel, Wakefield na Strachey hawakulala njaa. Mkulima wa Kongwa alijua tangu awali kwamba yeye ndiye atakayelipa kwa tumbo lake, na ndiyo sababu hakupanda ekari 30,000 za karanga katika udongo ule.

Kwa wataalamu wa lugha za Kiafrika lipo pia somo la karibu zaidi. Ripoti ya mwaka 1946 iliandikwa kwa lugha ambayo watu wa Kongwa hawakuisoma, nayo maarifa yao juu ya mvua, udongo na miti yalihifadhiwa katika Kigogo, lugha ambayo wapangaji hawakuisikia. Majina ya aina za udongo, ya miaka ya njaa na ya vipindi vya mvua yaliyomo katika lugha zetu ni kumbukumbu za uchumi, sawa na vitabu vya hesabu. Kuyakusanya na kuyaeleza ni kazi ya idara za lugha kama ilivyo kazi ya idara za kilimo, na wazee wanaoyajua hawazidi kuongezeka.